Somo: Kumpiga picha paka au mbwa wako ili achoreke vizuri

Mimi huchora wanyama kwa penseli nikitazama picha mnazonitumia. Manyoya yasipoonekana vizuri, naweza kuyafuatilia kwenye picha nyingine. Jicho siwezi kulibuni. Kwa hiyo hatua zote hizi zinalenga jicho.

1. Futa lenzi ya simu. Pindo la fulana safi linatosha.

2. Tafuta mwanga. Hapa ndipo penye kazi. Kwetu jua hupanda upesi, na saa sita huwa utosini: paji la uso wa mbwa hutia kivuli, macho yakageuka mashimo mawili meusi. Mwezi uliopita nililetewa picha 14 za mbwa mmoja, zote za mchana, jicho sikuliona hata moja. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Mweke barazani, kivulini, akitazama nje. Mchungulie: ukiona kinukta cheupe kinang'aa kwenye jicho, piga. Kwa paka angalia na mboni. Kwenye jua kali husinyaa ikawa kama uzi, gizani hutanuka ikameza rangi yote. Mwanga wa barazani huiacha katikati. Flashi zima kabisa. Nyuma ya jicho la wanyama hawa kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho hutoka ya kijani kama taa.

3. Shuka chini, hata kwa kulala kifudifudi, simu iwe sawa na macho yake. Usimsogelee mno, pua itavimba na masikio yatapungua. Kaa kama mita 2, kisha vuta kwa zumu mara 2.

4. Gusa jicho lake kwenye kioo cha simu, halafu piga mfululizo, picha 20 au 30. Mtu mwingine asimame nyuma yako akichakarisha mfuko wa dagaa.

5. Kwenye WhatsApp tuma kama dokyumenti, maana picha ikitumwa kawaida hupunguzwa ubora. Nikitaka kuichapa kwenye A4 kwa nukta 300 kwa inchi, nahitaji pikseli 2480 kwa 3508.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mbwa wangu ni mweusi tii, kila picha anatoka kama kivuli.

Marahaba. Mweke ubavu kwa dirisha, mwanga umpige upande mmoja. Manyoya meusi huonekana kwa mng'ao wake. Nyuma yake pasiwe na ukuta mweupe wala anga. Gusa uso wake kwenye kioo, uongeze mwanga kidogo tu.

Paka wangu hatulii hata sekunde.

Subiri ashibe na aanze kujilamba. Jiweke tayari kwanza, ndipo umwite jina, mara moja. Ukimwita mara kumi hageuki tena.

Paka wetu alishakufa, dada. Nina picha moja ya karatasi, iko kwenye fremu. Itafaa?

Pole sana, mdogo wangu. Itafaa. Itoe kwenye fremu, kile kioo kinarudisha mwanga. Ilaze mezani karibu na dirisha, uipige kutoka juu, simu isiinamie upande wowote. Kisha kaeni na mama hapo nyumbani, mniandikie rangi ya macho yake mnavyoikumbuka, na kama alikuwa na kovu, lilikuwa wapi.