Jinsi ya kuisoma fomu 1099-G ya Marekani na kuijaza kwenye ritani yako ya kodi

Kila mwaka, ifikapo Januari 31, idara za kazi na idara za mapato za majimbo ya Marekani huwa zimewatumia watu fomu iitwayo 1099-G, inayoonyesha fedha ambazo serikali ilimlipa mtu katika mwaka uliotangulia. Huipata aliyelipwa mafao ya kukosa ajira, na huipata pia aliyerejeshewa kodi ya mapato ya jimbo, mradi kiasi kimefika dola 10. Nakala nyingine ya fomu hiyohiyo huenda IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kwa hiyo anayeiweka kabatini akidhani haina uzito atakuja kuulizwa kwa barua. Ugumu wake ni kwamba karatasi moja imebeba mambo mawili yasiyofanana. Mafao ya kukosa ajira hutozwa kodi ya serikali kuu, ilhali marejesho ya kodi ya jimbo, kwa watu wengi wa kipato cha kawaida, hayatozwi hata senti. Asiyetenganisha mawili hayo ama hulipa kodi asiyodaiwa, ama huacha kulipa anayodaiwa.

Kuipata na kuihakiki

Baadhi ya majimbo hayaitumi tena fomu kwa posta isipokuwa kwa aliyeomba. Ingia kwenye akaunti ileile ya mtandaoni uliyotumia kuthibitisha kila wiki kwamba bado unatafuta kazi, kisha utafute sehemu ya nyaraka za kodi na kuipakua. Fomu ya marejesho ya kodi hutoka ofisi nyingine, yaani idara ya mapato ya jimbo, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na fomu 1099-G mbili za mwaka mmoja bila kosa lolote kutendeka. Aliyehama nyumba, jambo la kawaida kwa aliyepoteza kazi, abadilishe anwani yake katika ofisi zote mbili. Kutopokea fomu hakumwondolei mtu wajibu wa kutaja fedha alizolipwa: akikwama, ajumlishe malipo kutoka kwenye taarifa za benki au za kadi ya mafao na kuijaza ritani kwa hesabu hiyo.

Kabla ya kuandika chochote, linganisha jina, namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) na kiasi kilichoandikwa na kumbukumbu zako. Wanandoa wanaojaza ritani ya pamoja wahakikishe fomu za wote wawili zipo mezani, kwa kuwa kila mmoja hupewa yake na jumla ya zote mbili ndiyo inayoandikwa.

Kisanduku cha 1: mafao

Kisanduku cha 1 kinaonyesha mafao yote uliyolipwa kabla ya kukatwa kodi, na hapa ndipo wengi hutatizwa, kwa sababu wanalinganisha na fedha zilizofika mkononi. Chukulia mfanyakazi wa ghala mjini Columbus, Ohio, aliyeachishwa kazi na kulipwa dola 480 kwa wiki kwa muda wa wiki 15, naye aliomba akatwe asilimia 10 ya kodi ya serikali kuu. Benki yake itaonyesha dola 6,480. Kisanduku cha 1 kitasema 7,200, na kisanduku cha 4, ambacho ni cha kodi iliyokwisha kukatwa, kitasema 720. Anachopaswa kuandika kama mapato ni 7,200. Zile 720 hazipotei, kwani huhesabiwa mahali pengine kama kodi aliyokwisha kulipa.

Mahali pa kuandika ni kama ifuatavyo. Kiasi cha kisanduku cha 1 huingia kwenye jedwali la nyongeza liitwalo Schedule 1, mstari wa 7, na jumla ya jedwali hilo ndiyo inayohamishiwa kwenye fomu kuu ya 1040. Kiasi cha kisanduku cha 4 huandikwa kwenye fomu 1040 yenyewe, mstari wa 25b, pamoja na kodi nyingine zilizokatwa kwenye fomu za jamii ya 1099. Mwenye kutumia programu ya kompyuta hataiona mistari hii moja kwa moja, lakini ni vyema aifungue ritani iliyokamilika na kuikagua kabla hajaituma, hasa huo mstari wa 25b, kwa maana kuuacha wazi ni kuitunuku serikali fedha zako. Visanduku vya chini kabisa vya fomu vinahusu kodi ya jimbo iliyokatwa, navyo huenda kwenye ritani ya jimbo.

Majimbo yenyewe hayana msimamo mmoja. California, Pennsylvania, New Jersey na Virginia hayatozi kodi ya jimbo kwenye mafao haya. Texas, Florida na Tennessee hayana kabisa kodi ya mapato ya mishahara. Mengi yaliyobaki, Ohio ikiwamo, hutoza. Mafao hayakatwi michango ya Social Security wala ya Medicare, bima ya afya ya wazee, popote pale. Ile nafuu ya hadi dola 10,200 ambayo bado inatajwa katika mazungumzo ya mitaani ilitolewa na Bunge la Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya mafao ya mwaka 2020 pekee, kwa hiyo haimsaidii mtu anayejaza ritani ya mwaka huu.

Aliyezoea mshahara wa Tanzania, ambako mwajiri hukata PAYE na mfanyakazi asiye na mapato mengine hana haja ya kujaza ritani, hushangaa kuambiwa mwezi Aprili kwamba anadaiwa kodi ya mafao aliyokwisha kuyala. Hii ni kwa sababu jimbo halikati kodi kwenye mafao mpaka mpokeaji aombe. Ombi hufanywa kwa fomu W-4V au kwa fomu ya jimbo lenyewe, na kiwango kinachoruhusiwa kwa kodi ya serikali kuu ni asilimia 10 tu, hakizidi wala hakipungui. Asiyetaka kukatwa anaweza kulipa mwenyewe kwa awamu nne kupitia fomu 1040-ES, ambazo tarehe zake za kawaida ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15 ya mwaka unaofuata. Binafsi naona mwenye familia ya kulisha ni heri aombe kukatwa siku ileile anayofungua madai yake, kwa kuwa ni vigumu mno kujiwekea akiba ya kodi wakati hata kodi ya nyumba inasuasua.

Ikiwa tayari unadaiwa na huna cha kulipa, peleka ritani kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni Aprili 15, hata kama hutaambatanisha malipo. Adhabu ya kutopeleka ritani ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, ilhali adhabu ya kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja. Baada ya hapo unaweza kuomba IRS ikupangie malipo ya kila mwezi.

Wazazi wajue pia kwamba mafao hayahesabiwi kuwa mapato ya kazi. Kwa hiyo hayawezi peke yake kumpa mtu haki ya ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini iitwayo EITC, ingawa huongeza jumla ya mapato ambayo inaweza kuipunguza nafuu hiyo. Aliyefanya kazi nusu mwaka na kupokea mafao nusu iliyobaki asitarajie marejesho sawa na ya mwaka jana.

Wapo pia walioambiwa na jimbo kwamba walilipwa kupita kiasi na wakarudisha. Ukirudisha ndani ya mwaka uleule uliolipwa, toa kiasi ulichorudisha kwenye jumla na uandike kilichobaki, ukionyesha marekebisho hayo kama maelekezo ya fomu yanavyotaka. Ukirudisha mwaka mwingine, hesabu hubadilika: kiasi kisichozidi dola 3,000 kwa kawaida hakina punguzo lolote, na kinachozidi hapo kinahitaji hesabu ambayo ni bora ifanywe na mtu mwenye ujuzi.

Kisanduku cha 2: marejesho ya kodi ya jimbo

Kisanduku cha 2 kinaonyesha kodi ya mapato ya jimbo au ya mji uliyorejeshewa, na kisanduku cha 3 kinataja mwaka wa kodi unaohusika. Kiasi hicho huhesabiwa hata kama fedha hazikufika kwako kwa kuwa jimbo lilizichukua kulipia deni, mathalani la matunzo ya mtoto.

Swali moja ndilo linaloamua kama marejesho hayo yatatozwa kodi: katika ritani ya mwaka uliotajwa kwenye kisanduku cha 3, ulichukua punguzo la kawaida la mapato yanayotozwa kodi, ambalo wengi hupewa bila kuorodhesha chochote, au uliorodhesha matumizi yako kwenye jedwali liitwalo Schedule A? Ikiwa ulichukua punguzo la kawaida, marejesho hayatozwi kodi ya serikali kuu na huna cha kuandika. Wapangaji wengi na watu wenye mshahara wa kawaida wamo katika kundi hili. Aliyeorodhesha lakini akachagua kupunguza mapato yake kwa kodi ya mauzo badala ya kodi ya mapato ya jimbo naye hatozwi.

Anayebaki ni yule aliyeorodhesha, mara nyingi mwenye nyumba anayelipa riba ya mkopo, akaitumia kodi ya mapato ya jimbo kupunguza mapato yake. Hata yeye hutozwa kwa kadiri alivyofaidika tu. Tuseme mtu asiye na ndoa aliorodhesha matumizi ya dola 15,000 katika ritani ya mwaka 2024, ndani yake zikiwamo dola 3,000 za kodi ya mapato ya jimbo, kisha mwaka 2025 jimbo likamrejeshea 700. Punguzo la kawaida la mtu wa aina yake mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600, kwa hiyo kuorodhesha kulimfaidi kwa dola 400 pekee. Anaandika 400, wala si 700, kwenye mstari wa 1 wa Schedule 1. Maelekezo ya fomu 1040 yana karatasi maalumu ya hesabu hii. Programu za kujazia ritani huuliza swali hilo la mwaka uliopita, na watu hulipita haraka wakabonyeza jibu lolote; ifungue ritani ya zamani kwanza. Kama jimbo lilikulipa na riba kwa kuchelewesha marejesho, riba hiyo ni mapato yanayotozwa kodi, hata kwa aliyechukua punguzo la kawaida.

Fomu ya mafao usiyoyapokea

Tangu wizi wa utambulisho uliposhamiri wakati wa janga la korona, baadhi ya watu hupokea 1099-G ya mafao ambayo hawakuyaomba. Ikikufika ya namna hiyo, itaarifu mara moja idara ya jimbo iliyoitoa na uombe fomu iliyosahihishwa. Usingoje majibu ndipo upeleke ritani: ijaze kwa mapato yako ya kweli tu, na uombe IRS ikupe namba ya siri ya IP PIN inayomzuia mwingine kutumia jina lako. Fomu 14039 ya kuripoti wizi wa utambulisho haihitajiki katika hali hii, isipokuwa kama ritani yako ya mtandaoni imekataliwa kwa sababu namba yako ya Social Security imekwisha kutumika.

Anayehitaji msaada asikimbilie kumlipa mtu. Vituo vya VITA, mpango wa IRS wa kusaidia kujaza ritani, huwajazia ritani bila malipo watu wa kipato cha chini na cha kati, wasiojua Kiingereza vizuri wakiwamo. Nenda na kitambulisho, kadi za Social Security za familia, W-2 (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri), 1099-G zote na ritani ya mwaka uliopita. Na aliyegundua kwamba mwaka uliopita alilipa kodi kwenye marejesho yasiyostahili kutozwa anaweza kudai fedha zake kwa fomu 1040-X ya kurekebisha ritani, kwa kawaida ndani ya miaka 3 tangu alipoipeleka ritani ya awali.