Kipimajoto cha kukaangia kahawa nyumbani: tazama waya kabla ya kisanduku

Kazi yangu ni kutengeneza friji. Kwa hiyo nilipoanza kukaanga kahawa kwenye balkoni yetu hapa Umoja, Nairobi, nilidhani kipimajoto ndicho kitu cha mwisho kitakachonisumbua. Ninacho kimoja kidogo cheusi chenye waya mrefu, kile ninachotumbukiza kwenye friza za wenye bucha. Nikapitisha waya wake ndani ya dramu ya chuma ninayokaangia, nikawasha meko. Namba zikapanda vizuri: 80, 95, 108. Halafu zikatoweka, zikaja herufi, na punde plastiki ya ncha ikaanza kunuka kuliko kahawa yenyewe. Vipimajoto vya aina ile mwisho wake ni nyuzi 110, na kahawa ikifika hapo bado inatoa maji tu, hata rangi ya manjano haijashika.

Kahawa hugeuka manjano karibu na nyuzi 150 au 160. Mpasuko wa kwanza, pale punje zinapolia kama bisi, huja kati ya 195 na 205 hivi, na wa pili karibu na 225. Hewa ndani ya dramu huwa moto kuliko punje. Basi unataka kitu kinachosoma mpaka 300 bila kuhema, na hicho ni themokapo ya aina ya K: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ambazo hutoa umeme mdogo sana, kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kisanduku unachoshika mkononi kazi yake ni kusoma umeme huo na kuugeuza namba.

Kile cha bastola, tulichozoea kulengwa nacho kwenye paji la uso wakati wa korona, kiache. Husoma uso wa kitu tu, na chuma kinachong'aa hukidanganya. Ukikaangia kwenye kikaango cha wazi kitakusaidia kidogo. Kwenye dramu utakuwa unapima dramu.

Luthuli Avenue utakuta visanduku vya aina ya K vya kila bei. Muuzaji aliniambia, "Mkubwa, hii inafika elfu moja na mia tatu." Hakusema uongo, ila namba hiyo ni ya kisanduku. Waya mwembamba unaopewa bure ndani ya boksi, wenye kishanga nchani, mara nyingi mwisho wake ni karibu 250, na ukiegemea ukuta wa dramu juu ya moto, ganda lake linaungua. Ndiyo maana nasema: ukiwa na pesa kidogo, nunua kisanduku cha kawaida na uweke zinazobaki kwenye ncha nzuri ya chuma kisichoshika kutu.

Ncha ya kwanza niliyonunua ilikuwa nene, milimita 6, ya kutumika kwenye oveni. Kahawa ikaanza kulia huku kisanduku kikisema 178. Nikadhani mama mkwe amenipa kahawa ya ajabu kutoka Nyeri. Kumbe chuma kile kinene kilikuwa bado kinajipasha wakati punje zimeshakwenda mbele. Nilipoweka ya milimita 3, mpasuko ukaja 194. Zipo za milimita 1.5 zenye kasi zaidi, lakini hupinda ukizigusa vibaya, na mimi nina watoto wawili. Kitu kingine: ncha lazima izikwe ndani ya punje. Dramu yangu ilitengenezwa na fundi wa Kamukunji, tundu likawa katikati, na kwa gramu 200 ncha ilikuwa ikielea hewani. Nikamrudia akatoboa jingine chini zaidi.

Sasa usahihi. Themokapo ya kawaida inaruhusiwa kukosea nyuzi 2.2 hivi, na hilo lisikunyime usingizi. Mpasuko wa kwako unaweza kusoma 197 na wa kwangu 202, na kahawa ikawa sawa. Muhimu ni kipimo kirudie kosa lile lile kila Jumamosi. Kukikagua, tumia barafu iliyopondwa kwenye maji, ukoroge: isome 0. Maji yanayochemka pia yanafaa, lakini usingoje 100. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 94. Nilikaribia kurudisha kipimajoto kizima dukani kwa sababu hiyo, mimi fundi wa friji, aibu iliyoje.

Kuhusu kurekodi, daftari na saa ya simu vinatosha kuanzia: andika kila sekunde 30. Ukitaka mchoro ujichore wenyewe, iko programu ya bure iitwayo Artisan. Kabla ya kulipa, tafuta jina la kipimajoto chako kwenye orodha ya vifaa inavyovijua, kama Center 306, Mastech MS6514 au Phidget 1048. Tundu la USB peke yake si ushahidi. Huenda ni la kuchajia tu. Muulize muuzaji kama kinatuma namba kwa kompyuta papo hapo wakati kinapima. Ukipenda kuunganisha mwenyewe, bodi ndogo ya MAX6675, inayosoma themokapo, pamoja na Arduino, kompyuta ndogo ya bodi moja unayoiandikia programu, inafanya kazi, kwa hatua za robo nyuzi. Epuka kinachoonyesha nyuzi nzima tu. Joto la punje likipanda nyuzi 8 kwa dakika, namba hiyo hubadilika mara moja kila sekunde saba au nane, na mstari wa kasi ya kupanda unakuwa ngazi badala ya mteremko. Nafasi mbili za kupimia, moja ya punje na moja ya hewa, ni raha, ila hewa inaweza kusubiri.

Usirefushe waya wa themokapo kwa waya wa shaba wa kawaida. Nilifanya hivyo, nikaunga kwa tepu karibu na meko. Themokapo hupima tu tofauti ya joto kati ya ncha na mahali nyaya zake zinapoishia, kwa hiyo kisanduku huongeza joto la mahali kilipo kikidhani nyaya zile mbili zinaishia kwake, kumbe zilikuwa zinaishia pale kwenye kiungo. Kiungo kilipofika nyuzi 60 na kisanduku kiko 25, nilikuwa nasoma pungufu kwa 35. Nilikaanga makaa siku hiyo. Waya wa kurefushia wa aina ya K upo. Angalia rangi pia: kwa mtindo wa Marekani ni manjano na nyekundu, na nyekundu ndiyo hasi. Ukizigeuza, joto likipanda namba zinashuka.

Mwisho, visanduku vingi hujizima vyenyewe baada ya dakika kadhaa ili kuokoa betri. Changu kilijizima dakika ya kumi, punje zikiwa ndiyo kwanza zinanukia mkate. Soma kijitabu chake: kwa kawaida kuna kitufe cha kushikilia unapokiwasha ili kisijizime. Na uwe na betri ya akiba. Yangu iko kwenye droo ya vijiko, na nyumbani wanajua haiguswi kwa ajili ya rimoti.