Rasta zikitoka: kufumua, kuosha na kusuka tena nywele za kipilipili bila kuzikata

Mtu akilalamika kwamba rasta, ile misuko ya kuongezea nywele bandia, zimemkata nywele, mara nyingi rasta zinasingiziwa. Nywele zilikatika siku ya kufumua, tena bafuni, chini ya maji. Juzi nilimfumua binamu yangu aliyekaa na rasta hadi zikawa zinaning'inia, akanitaka niandike kila nilichokuwa nafanya ili safari nyingine asinisubiri mimi. Nimeandika, na ya mitindo mingine nimeyaongeza kwa sababu najua atauliza.

Nazungumzia nywele za kipilipili, zenye mkunjo mdogo unaobana. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye unywele uliojikunja, kwa hiyo ncha hukaa kavu hata kama kichwani kunang'aa. Kila unywele unapopinda pana udhaifu, na hapo ndipo huanza kukatikia. Halafu nywele za namna hii hunasana zenyewe kwa zenyewe, hata ukiwa umekaa tu.

Hatua ya 1: Andaa vitu

Mafuta mepesi (ya nazi yanatosha, yanaingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu), kondishena yenye utelezi, klipu, chanuo la meno mapana, chupa ya kupulizia maji na fulana kuukuu ya pamba. Kichana cha mkia wa chuma ni cha kugawa njia basi. Ukimwona mtu anakisogeza kwenye fundo, mnyang'anye.

Hatua ya 2: Kata rasta, ila pima kwanza

Fumua rasta tatu nzima bila mkasi: moja ya mbele, moja ya utosini, moja ya kisogoni. Nywele hazilingani urefu kichwa kizima. Nyoosha nywele zako uone zinaishia wapi kwenye rasta, shuka vidole vinne chini ya hapo, ndipo ukate. Usikadirie kwa macho. Wewe unazikumbuka nywele zako zikiwa zimejikunja, kumbe ndani ya msuko zimenyooka na zimefika mbali kuliko unavyodhani.

Fumua kuanzia chini kwenda juu, kwa vidole. Ukibakiza kipande cha mwisho karibu na kichwa, usinyofoe.

Hatua ya 3: Fundo la kwenye shina, kabla ya maji

Kwa kawaida mtu hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Zikiwa wazi hutoka na kichana. Zikiwa zimesukwa hazina pa kwenda, zinabaki humo humo. Piga hesabu: wiki 8 ni siku 56, yaani nywele 2,800 hadi 5,600 zilizokwisha kung'oka zimelala ndani ya misuko. Juu yake kuna vumbi, mafuta, ngozi iliyobanduka na jeli. Vyote hukusanyika pale msuko ulipoanzia, ambapo sasa pamesogea mbali na ngozi maana nywele zimekua, kama sentimita 1 kwa mwezi. Ukifungua rasta utaona kijipete cha kijivu kimekishika kishungi cha nywele. Hicho ndicho ninachokiita fundo.

Maji yakikigusa kijipete hicho, nywele zilizong'oka na zilizo hai hujikunja pamoja na kubana. Ukija na shampuu ukasugua juu yake, umetengeneza dredi ambayo hukuiomba. Isitoshe unywele uliolowa huvutika na kukatika upesi kuliko mkavu. Binamu yangu alikuwa na chupa mkononi tayari.

"Dada, si nilowanishe kidogo tu zilainike?"

"Iweke chini hiyo."

Fanya hivi. Bana kishungi kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, katikati ya ngozi na fundo, ili mvuto usifike kichwani. Kwa mkono wa kulia vuta nywele chache chache kwenda ubavuni, upande huu na upande ule, kama unavyochambua pamba. Usivute kwenda chini. Ukivuta chini linakaza; ukilitanua kwa ubavu linapasuka, na utaona vumbi likikudondokea mapajani. Zile zilizong'oka zitaanza kuchomoka zenyewe bila kuuma. Zitoe, ziweke pembeni, usizirudishe kichwani kwa kupitisha mkono juu juu.

Lakini mafundo si ya aina moja, na hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima.

Fundo la vumbi na mafuta ni laini na la kijivu. Tone moja la mafuta, subiri dakika chache, pasua. Hili halina shida.

Fundo la jeli ni gumu, linakwaruza kidole, na ukilibana linapukutika unga mweupe. Unaweza kulimwagia chupa nzima ya mafuta na lisijali, kwa sababu jeli nyingi huyeyuka kwenye maji. Hili peke yake nalipa ruhusa ya maji, tena kwa ncha ya kidole: lowesha kidole, gusa jeli, isugue katikati ya vidole viwili hadi iteleze, kisha ndipo mafuta. Chupa ya kupulizia bado marufuku, maana italowesha na majirani ambao hujawafikia.

Rasta mbili ambazo nywele zake mpya zimeshikana chini, zitenganishe kabla hujafumua hata moja. Wakati huo njia bado zinaonekana na unajua unywele upi ni wa wapi. Ukishafumua zote mbili njia hupotea na unabaki unabahatisha.

Kuna na lile lililojisokota kabisa, hupatikana zaidi kisogoni na nyuma ya masikio. Lipake kondishena nzito, lifunike kwa mfuko wa plastiki, liache nusu saa huku ukiendelea na mengine. Likirudi mikononi anzia pembezoni, kamwe usianzie katikati. Likigoma, tumia mkia wa kichana cha plastiki kuchokonoa unywele mmoja mmoja. Mkasi ni wa mwisho kabisa, na hata ukifika huko usikate kwa kukingama: pasua fundo kwa kufuata urefu wa nywele, mara moja au mbili, halafu urudi kwenye vidole. Utapoteza nywele chache badala ya kishungi kizima.

Rundo la nywele litakalokusanyika pembeni litakutisha. Chukua unywele mmoja uuangalie mwangani. Ukiona kijidoa cheupe upande mmoja, huo ulishang'oka wenyewe zamani. Ukiwa mfupi na hauna kidoa upande wowote, umekatika leo. Rundo likiwa na vipande vifupi vingi, simama, punguza kasi, ongeza mafuta.

Kila kishungi kikimalizika, kisokote twist nene (mafungu mawili yanayozungushiana) na ukibane kwa klipu. Usikiache wazi, kitanasa tena wakati unahangaika na kingine. Ukichoka, acha. Lala, endelea kesho. Hakuna kitakachoharibika ilimradi hujagusa maji.

Hatua ya 4: Osha

Osha kwa mafungu, na twist zako zikiwa zimesokotwa vilevile. Shampuu ni ya ngozi ya kichwa. Ncha zitapata povu linaloshuka, linatosha. Sugua kwa nyama ya kidole, siyo kucha. Baada ya rasta rudia mara mbili. Maji ya uvuguvugu.

Hatua ya 5: Kondishena na kuchana

Fungua fungu moja, paka kondishena hadi nywele ziteleze, chana kuanzia ncha ukipanda taratibu kuelekea shina. Sokota tena, nenda fungu jingine. Ukimaliza, vaa kofia ya plastiki dakika 20 hadi 30, kisha suuza.

Sichani nywele za kipilipili zikiwa kavu na tupu, na simwachii mtu yeyote anichane hivyo. Kama chanuo linatoa sauti ya kukatika, kondishena haitoshi.

Hatua ya 6: Kausha na unyooshe

Kamua maji kwa fulana, taulo lina vinyuzi vinavyonasa. Nywele zikiwa na unyevu bado, paka kondishena ya kuacha kichwani, kisha mafuta juu yake ili unyevu usitoroke. Mafuta peke yake kwenye nywele kavu yanang'arisha tu, ukavu unabaki chini yake.

Kunyoosha, mimi ni mtu wa uzi. Unagawa mafungu, unazungushia uzi kutoka shina hadi ncha bila kukaza shinani, unalala nao. Asubuhi nywele zimenyooka na hakuna moto uliopita. Draya naivumilia ikiwa kwenye joto la chini na kuna kinga ya moto imepakwa. Pasi ya nywele siishauri kabisa: moto ukizidi, mkunjo haurudi hata ukiosha, na dawa ya hapo ni kusubiri zikue ukate zilizoungua.

Hatua ya 7: Mtindo unaofuata

Usisuke rasta nyingine siku hiyo hiyo. Zipe nywele wiki moja au mbili.

Twist za nywele zako mwenyewe ndizo ningekuwekea kwanza. Hazina uzito wa kuongezea, unaweza kuziosha zikiwa zimesokotwa, na zikikaa wiki moja au mbili unazifungua unatembea na mawimbi. Hasara yake ni kwamba zinajikunja na kuonekana fupi. Hilo halina tatizo lolote, ila wapo wanaokerwa.

Matuta hayahitaji maelezo, isipokuwa yasikae hadi yaote manyoya.

Nywele wazi, yaani afro, zinapendeza siku ya kwanza na ya pili, halafu ncha zinaanza kujipiga vifundo vidogo vya unywele mmoja mmoja. Ukivisikia ukipitisha vidole, kata kifundo chenyewe kwa mkasi mkali, usikivute. Usiku ziweke mafungu manne ya twist na ufunge kitambaa cha satini.

Rasta zikirudi, mwambie msusi mambo mawili kabla hajaanza. La kwanza, unene wa rasta ulingane na unene wa kishungi kinachoibeba. Rasta nzito kwenye kishungi chembamba itaondoka nacho. La pili, asikaze kwenye paji na pembeni mwa masikio. Msuko unaokunyima usingizi, au unaotoa vipele vidogo kwenye mashina, umekazwa mno, na kumeza dawa ya maumivu si suluhisho. Ufumue. Upara wa kuvutwa ukigunduliwa mapema nywele hurudi. Ukiendelea miaka, ngozi huweka kovu na hapo hazioti tena. Rasta za bandia zikikuwasha, ziloweke kwenye maji yenye siki kabla ya kusuka, suuza vizuri, anika zikauke. Zikishakaa wiki 6 hadi 8, rudi hatua ya 2.

Wigi ni kinga nzuri ukiwa na matuta mepesi chini yake na kofia ya satini katikati. Wengi wakishavaa wigi husahau kwamba chini kuna kichwa: matuta yanakaa mwezi bila maji, mba inajaa. Osha matuta hayo kila baada ya wiki moja au mbili, na usivae wigi hadi yakauke kabisa, hasa kisogoni ambako huchelewa. Kuhusu gundi sina mjadala. Wigi lenye mkanda wa kukaza linashika vya kutosha, na nywele za paji utabaki nazo.