Namna ya Kuieleza Papua Magharibi

Anayeandika kuhusu nusu ya magharibi ya kisiwa cha Guinea Mpya hukwama kwenye neno la kwanza kabisa, yaani jina. Kwa sababu hiyo, ni afadhali kuanza na mahali: eleza kwamba eneo hilo linatawaliwa na Indonesia, kwamba mpaka wake wa mashariki unafuata kwa sehemu kubwa mstari wa longitudo wa 141, na kwamba ng'ambo ya mpaka huo ipo Papua Guinea Mpya, dola huru tangu 1975, ambayo wasomaji wengi huichanganya nalo.

Kisha yapange majina kwa miaka yake. Chini ya Waholanzi eneo liliitwa Guinea Mpya ya Uholanzi. Indonesia ililiita Irian Barat, halafu Irian Jaya kuanzia 1973, na sheria ya mamlaka maalumu ya 2001 ikaliita Papua. Jina lenye mtego kuliko yote ni Papua Barat. Kwa Kiindonesia maana yake ni Papua Magharibi, na wanaodai uhuru hulitumia kwa eneo zima, ilhali serikalini ni jina la mkoa mmoja tu. Kabla ya kunukuu sentensi yenye jina hilo, hakikisha unajua msemaji ni nani. Mikoa yenyewe ilikuwa miwili hadi 2022, mwaka ambao iliongezwa minne, hivyo takwimu yoyote ya "mkoa wa Papua" isiyo na mwaka wake ni ya kuachwa.

Sehemu ya lugha inahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi, kwa kuwa kiambishi "ki-" kinatuponza. Mwandishi akishasema Wapapua, ulimi humsukuma kusema wanazungumza Kipapua, na lugha ya namna hiyo haipo. Zipo lugha zaidi ya 250, na hata wataalamu wanaposema "lugha za Kipapua" wanakusanya chini ya jina moja familia nyingi ambazo hazijathibitishwa kuwa na asili moja. Chukua mfano wa Kibiak, kinachozungumzwa visiwani upande wa kaskazini, na Kidani cha milimani katika bonde la Baliem. Kibiak ni cha familia ya Kiaustronesia, na kwa ukoo kiko karibu zaidi na Kimalagasi cha Madagaska kuliko na Kidani, ingawa wasemaji wa lugha hizo mbili wanaishi katika eneo moja. Taja pia Kimalei cha Papua, ambacho watu wa makabila mbalimbali hutumia kuelewana, na usikichanganye na Kiindonesia rasmi cha shuleni na ofisini. Kuhusu jiografia, inatosha kutaja misitu, vinamasi vya kusini na mlima Puncak Jaya wenye urefu wa mita 4,884.

Historia ya mgogoro ieleze kwa vitenzi vilivyopimwa. Uholanzi ilipokabidhi mamlaka kwa Indonesia mwaka 1949, eneo hili halikujumuishwa. Tarehe 1 Desemba 1961 bendera ya Wapapua iitwayo Nyota ya Asubuhi ilipandishwa. Mwaka uliofuata ukatiwa saini Mkataba wa New York kati ya Uholanzi na Indonesia, na baada ya miezi michache chini ya Umoja wa Mataifa, Indonesia ilipokea utawala tarehe 1 Mei 1963. Mwaka 1969 wajumbe wapatao 1,025 walioteuliwa waliamua kwa kauli moja kubaki Indonesia. Usiandike kwamba "wananchi walipiga kura", kwa maana hapakuwa na kura ya mtu mmoja mmoja. Vilevile usiandike kwamba Umoja wa Mataifa "uliidhinisha" matokeo: azimio namba 2504 la Novemba 1969 lilisema Baraza Kuu limeyazingatia, baada ya kukataliwa kwa pendekezo la Ghana lililotaka Wapapua wapewe nafasi nyingine ya kuamua.

Mwisho ni maneno ya kuwaita wahusika. "Wanaojitenga" ni lugha ya upande mmoja, "wakombozi" ni ya upande wa pili, na "magaidi" ni jina ambalo serikali ya Indonesia iliyapa rasmi makundi yenye silaha mwaka 2021. Mimi huandika "wapiganaji wanaodai uhuru", nikiyaacha yale mengine ndani ya nukuu pamoja na aliyeyatamka. Hata "nchi" si neno jepesi hapa, kwa kuwa kwetu ni ardhi na pia ni dola, na msomaji ataelewa lile la pili usipoandika "eneo".