Jinsi ya kulinganisha treila za kwanza za gemu bila kupigwa changa la macho

Treila ya kwanza ikitoka tu watu wanaanza kubishana, mara gemu inatoka mwakani, mara ramani ni kubwa kuliko ile ya zamani, kumbe wote wameangalia treila moja wanairudia rudia. Treila moja peke yake haikwambii kitu bana. Tafuta treila ya kwanza ya gemu nyingine ya studio ileile, ziweke pembeni kwa pembeni, hapo ndo mambo yanaanza kuonekana.

Anza na Bethesda, studio ya gemu za Fallout na The Elder Scrolls, maana wao wako wazi kabisa. Fallout 4 ilitangazwa Juni 2015, treila ndefu, unaona mbwa, unaona nyumba kabla na baada ya mabomu, unaona mji wa Boston, na Novemba 10 mwaka huohuo gemu ikawa madukani. Sasa fungua ya The Elder Scrolls VI ya Juni 2018, ni kama nusu dakika hivi, milima, muziki, jina, basi. Miaka imepita mingi na gemu bado hatujaishika. Kwaiyo kitu cha kwanza kupima ni hiki: kuna mtu anafanya kitu humo ndani au ni mandhari na jina tu? Jina tupu maana yake kazi bado mbichi. Metroid Prime 4 ilionyeshwa nembo tu 2017, 2019 Nintendo wakasema wanaanza upya na studio ya Retro Studios, ikatoka Desemba 2025.

Cha pili ni tarehe ya mwishoni. Treila ya kwanza ya GTA V ilitoka Novemba 2011, gemu Septemba 2013, karibu miaka miwili. Ya GTA VI ilitoka Desemba 2023 (ilivuja, wakaiachia kabla ya muda waliosema) ikaandikwa 2025, mwaka mtupu hauna mwezi wala siku, na 2025 yenyewe ilipofika wakasogeza mpaka 2026. Mwaka mtupu usiupangie bajeti.

Cha tatu ndo kinataka macho: picha zimetoka wapi. Tumia kompyuta, simamisha video YouTube alafu bonyeza kitufe cha nukta kusogea mbele picha moja moja, koma kurudi nyuma. Soma maandishi madogo ya chini, maana mara nyingi ukweli wameuficha huko. Tafuta mita ya damu (ile ya kuonyesha uhai wa mchezaji), ramani ya kona, risasi zilizobaki, usipoviona kuna uwezekano unaangalishwa sinema tu. Killzone 2 iliwachanganya watu 2005, kila mtu akadhani ndo gemu yenyewe inachezwa hivyo, kumbe ni video iliyotengenezwa pembeni, gemu ikaja 2009.

Ila picha halisi nazo zinaweza kukudanganya kwenye hadithi, na hapa Hideo Kojima, mtengenezaji wa gemu za Metal Gear, ndo anaongoza kwa matatizo, treila ya Metal Gear Solid 2 ya mwaka 2000 ni Snake, shujaa wa gemu iliyotangulia, mwanzo mwisho, watu wakanunua gemu wakakuta sehemu kubwa wanacheza kama mhusika mwingine, Raiden. Tofauti na ile treila ya gemu ya Zelda ya 2019, wahusika Link na Zelda wako chini ya ardhi na ile maiti iliyokauka, 2023 ukiwasha Tears of the Kingdom unakutana nayo mwanzoni kabisa. Kwaiyo usipime treila tu, pima na tabia ya anayeitengeneza.

Ukitaka kujaribu chukua The Witcher 4 ya Desemba 2024. Ciri, mhusika mkuu, yupo na anapigana, tarehe hakuna hata mwaka, mita ya damu hakuna, na wenyewe waliandika imerenderiwa kabla, yaani picha zilitengenezwa mapema, sio gemu inayochezwa. Mimi naiweka karibu na Killzone kuliko Fallout, wewe iweke unapoona.