Manifoldi ya ekzosi ya gari dogo: mambo ya kupima kabla ya kununua

Manifoldi ya ekzosi ni mabomba yanayokusanya moshi kutoka kila silinda na kuupeleka kwenye bomba moja. Anza kwa kuhakikisha kwamba injini yako ina manifoldi ya kubadilisha. Injini nyingi mpya za silinda tatu zenye turbo zina njia za moshi ndani ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) yenyewe, na turbo imefungwa hapohapo kwenye hedi. Kama manifoldi iko nje, itafute katalitiki, lile kopo la kusafisha moshi lenye matundu madogo kama sega la nyuki. Kwenye magari madogo mengi imeungana na manifoldi kuwa kitu kimoja, ili ipate moto mapema injini inapowashwa. Ukifunga manifoldi tupu mahali pake, umeondoa katalitiki. Katika nchi nyingi hilo ni kosa, ukaguzi wa moshi hutapita, na taa ya injini itawaka kwa msimbo wa hitilafu P0420, yaani katalitiki haifanyi kazi ipasavyo. Nunua yenye katalitiki yake, au inayoacha nafasi ya kufunga katalitiki nyingine karibu.

Injini ya silinda nne isiyo na turbo ina maumbo mawili ya kuchagua. La 4-1 huunganisha mabomba yote manne mahali pamoja na husaidia injini ikizunguka kwa kasi kubwa. La 4-2-1 huoanisha silinda 1 na 4, kisha 2 na 3. Kwa mpangilio wa kuwaka wa 1-3-4-2, silinda za jozi moja hupishana kwa mzunguko mzima wa krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa hiyo moshi wa moja hausukumani na wa mwenzake. Faida yake huonekana kwenye mizunguko ya kati, ambako gari la kila siku hutumia muda wake mwingi. Kwa gari la namna hiyo, chukua 4-2-1. Ukikuta imeoanisha 1 na 2, iache.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kupenda mabomba manene. Kwa injini ya lita 1.0 hadi 1.6, kipenyo cha nje cha milimita 35 hadi 42 kinatosha, na cha chini ni cha injini ndogo zaidi. Bomba likizidi, mwendo wa moshi unapungua na gari linakuwa zito kuondoka, hasa kwenye kilima. Hata ukichagua vizuri, utaongeza nguvu za farasi chache tu kama programu ya injini haijapangwa upya. Anayekuahidi nguvu za farasi ishirini kwa manifoldi peke yake hasemi kweli.

Ishike mkononi sasa. Mulika tochi ndani ya kila bomba upande wa flanji (bamba linalofungwa kwenye hedi), kisha pitisha kidole. Weldi nzuri huacha ukingo mwembamba; mbaya huacha donge linaloziba njia, na ufa huanzia hapohapo. Weka gasketi ya injini yako juu ya flanji: tundu la bomba likiwa kubwa kidogo kuliko la hedi hakuna shida, likiwa dogo linakaba. Laza rula ya chuma juu ya flanji na ujaribu kupenyeza fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia upenyo. Ikipita ya milimita 0.2, flanji imepinda na itavuja, hivyo irudishe au ipelekwe kusawazishwa. Flanji iwe na unene wa milimita 8 hadi 10, na ukuta wa bomba angalau 1.5. Kuhusu stenlesi, sumaku isikudanganye: stenlesi ya daraja la 409 inanasa na bado inafaa kwa ekzosi, ilhali ya 201, iliyo rahisi, hainasi na hushika kutu mapema kuliko 304.

Tundu la sensa ya oksijeni, inayoiambia kompyuta ya injini kiasi cha oksijeni kwenye moshi, liwe na nyuzi za M18×1.5, mahali ambapo moshi wa silinda zote umeshakutana. Sensa isimame au ilale kwa pembe inayozidi digrii 10 juu ya mlalo, la sivyo maji ya mvuke yatatuama ndani yake na kuipasua. Angalia pia kama waya wake utafika.

Bomba linalonyumbulika ni la lazima kwenye injini iliyolala kwa upana wa gari. Injini hiyo huyumba kila unapokanyaga mafuta, na pasipo kiungo cha kunyumbulika manifoldi hupasuka penye maungio.

Usiku wa kabla ya kufunga, pulizia nati za zamani mafuta ya kulainisha kutu. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatika ndani ya hedi, kazi ya saa tatu inakuwa ya siku mbili. Weka gasketi mpya ya chuma ya tabaka kadhaa. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu tatu. Stadi za M8 kwa kawaida huchukua Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 25, ila kipimo cha kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Futa alama za mikono kwenye stenlesi kabla ya kuwasha, maana mafuta ya vidole huungua yakaacha madoa ya kudumu.

Ukisikia tik-tik injini ikiwa baridi, ikanyamaza ikipata moto, pana uvujaji kwenye gasketi. Usiuache: hewa ikiingia kabla ya sensa, kompyuta hudhani mafuta ni machache na kuyaongeza. Baada ya safari mbili tatu, acha injini ipoe kabisa, kisha pima nati zote upya kwa spana ya torki.