Bustani za kwenye TV na uwanja wako wa Mtwara
Jamani wale mnaopenda vile vipindi vya kubadilisha bustani, mfano Ground Force ya BBC kule Uingereza iliyoanza 1997, walikuwa wanaingia kwa mtu na baada ya siku mbili uwanja umekuwa mpya, hata mimi navipenda sana ila usikopi kila kitu. Wale walipenda mno kuweka sakafu ya mbao nje, sasa huku kwetu Mtwara ukilaza mbao juu ya mchanga mchwa wanaimaliza, bora pevingi au kokoto.

Ninachokushauri, kabla hujatoa hela hata mia kaa na uwanja wako kwanza, angalia saa nane mchana kivuli kinaangukia wapi, mvua ikinyesha maji yanatuama wapi, na watu wa nyumbani wanapita wapi kwenda bombani au jikoni, maana njia ipitishe hapohapo wanapokanyaga, ukiipindisha ili ipendeze watakatiza tu kwenye maua yako.

Miche panda mvua zikishaanza kukolea, Desemba hivi, siyo Agosti, maana sisi msimu wa mvua ni mmoja tu na kiangazi kirefu. Udongo wetu wa kichanga maji hayakai, changanya samadi ya kutosha kwenye shimo halafu tandaza majani makavu juu, hata ya mkorosho yanafaa. Na kama uko karibu na bahari kama Shangani au Mikindani, anza na bogenvilia, inavumilia ule upepo wa chumvi.